Siku Mama Alipolala Kwenye Zulia

Nesi alituagiza tumlaze mwanangu kifudifudi kila siku, shingo na mikono ipate nguvu. Mama yangu, aliyetoka Tanga kuja huku ughaibuni, mjini Euless, kunisaidia kulea, hakutaka hata kusikia. Mtoto akilia kidogo tu, anamnyanyua na kumbeba mgongoni kwa khanga. Atatambaa saa ngapi?

Asubuhi moja nikamfichia khanga zote. Mama akanuna, kisha akalala mwenyewe kifudifudi mbele ya mjukuu wake, akawa anamwita huku akipigapiga zulia. Mtoto akacheka, akainua kifua, akasukuma goti, akamfuata. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Ukimaliza vigelegele," mama akasema kutoka kule chini, "njoo uniinue na mimi."