Jani la Mbarika Lililolala Bichi

Mama yangu si mtu wa uongo. Ukimpikia mchuzi ukazidi chumvi atakwambia mbele ya wageni, na ukivaa nguo isiyokukaa atakurudisha ndani ukaivue. Ndiyo maana ule uongo wake mmoja, alioutia ndani ya jani la mbarika, mpaka leo umenikaa kooni.

Kwetu Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, mbarika ulikuwa nyuma ya jiko, pale tulipokuwa tukimwaga maji ya kuoshea samaki. Ni mti wa kawaida tu. Jani lake ni pana, lina vidole kama mkono uliofunguliwa, na mbegu zake tulikatazwa tangu utotoni kuzitia mdomoni kwa sababu zinaua. Jani ndilo dawa. Mtu akivimba goti au kifundo, jani hupitishwa juu ya makaa mpaka lilegee, likapakwa mafuta ya nazi, likafungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, na mgonjwa akalala nalo. Asubuhi hufunguliwa, na hapo ndipo ujuzi ulipo, maana jani husomwa. Likitoka kavu, watu husema limekunywa: joto la uvimbe bado lipo, fungeni jingine. Likitoka bichi na laini kama lilivyofungwa, joto limekwisha, mtu ainuke atembee. Mama aliwasomea majani watu wa mtaa mzima, na sikumbuki aliyembishia.

Vita vilipotutoa Mocímboa tulifikia Mute, kijiji cha wakulima kwenye barabara ya Palma. Tulipokewa na mjane mmoja wa Kimakonde, Mkristo, akatupa chumba alichokuwa akiwekea mahindi. Sina baya la kumsema mwanamke yule. Akitaka kutupikia kuku, alimpeleka kwanza kwa jirani Mwislamu achinjwe, na hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Lakini mama hakuzoea. Alikuwa amekulia ufukweni, akiokota chaza maji yakitoka, na jembe alilishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Kila jioni aliitaja nyumba yetu: mlango, kisima, ule mbarika wa nyuma. Miaka ikapita. Watu wakaanza kurudi Mocímboa, kwanza mmoja mmoja, baadaye kwa malori, na mama akawa hana tena mazungumzo mengine.

Ndipo alipopiga goti juu ya mwiba. Alikuwa akipalilia mihogo kwa kupiga magoti, jambo ambalo mwenyeji wetu alimkataza mara nyingi, maana shamba lile lilikuwa kichaka cha miiba kabla ya kulimwa. Mama aliuchomoa, akautupa, akaendelea kupalilia. Baada ya hapo goti likajaa mpaka ngozi ikang'aa, na moto wake uliusikia hata kabla kiganja hakijagusa.

Mbarika haukosekani Mute, unaota wenyewe kwenye majalala. Nilichuma jani, nikalipitisha makaani, nikalifunga. Asubuhi likatoka kavu. La pili likatoka vilevile. Hata hivyo uvimbe ulipungua kweli, siwezi kuunyima mmea haki yake. Ngozi ilianza kupata mikunjo tena, mama akaweza kukunja goti kidogo, na akalala bila kuguna.

Wakati huohuo jirani mmoja mwenye lori alituambia kwamba Jumamosi anakwenda Mocímboa, na nafasi yetu ipo. Nilimwambia mama wazi, maana mimi sijui kuzungukazunguka: "Jani likilala bichi, tunapanda. Likitoka kavu, nakupeleka hospitali Palma, na lori liende zake."

"Hospitali siendi," akasema. "Sitaki kuzikwa ugenini."

"Nani amezungumza habari ya kuzikwa?"

"Mimi nimezungumza. Nataka kwetu, mwanangu. Nikafie kwetu kama ni kufa."

Kesho yake jani likatoka bichi. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikafunga vyungu, nikakunja mikeka, na mwenyeji wetu akaanza kutuchomea mihogo ya njiani huku akijifuta machozi kwa kanga, akisingizia moshi. Mama alikaa mlangoni, mguu ameunyoosha, akitutania kwamba tunafunga mizigo kama watu wanaokimbia deni. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu tutoke kwetu.

Jumamosi alfajiri nilimfungua jani la mwisho, nililomfunga usiku kwa ajili ya safari. Jani lilikuwa limelowa. Nikalikunja nilitupe, na likavunjika mkononi mwangu.

Nililikunjua. Upande wa nje, uliogusa kitambaa, ulikuwa unatiririka maji. Upande wa ndani, uliolalia ngozi, ulikuwa mkavu kama karatasi. Nikaweka kiganja juu ya goti, nikakitoa haraka. Kando ya kichwa chake lilikuwepo kopo la maji ya udhu, na lilikuwa limepungua ilhali mama alikuwa hajatawadha.

"Mama, umefanya nini?"

Alivuta nguo akafunika goti, kama vile aibu ilikuwa ya goti.

Hasira zilinipanda. Nilimfokea mama yangu mzazi, mbele ya mwenyeji wetu, kwa maneno ambayo mtoto hamwambii mama. Nilimwambia amenifanya mjinga. Nilimwambia jani ni yeye aliyenifundisha kulisoma, kwa hiyo alijua hasa pa kunidanganyia. Honi ya lori ikalia barabarani, ikalia tena, na mama akasema kwa sauti ndogo, "Lile lori, mwanangu." Nikaenda mwenyewe kumwambia dereva asitungoje.

Tulikwenda Palma badala ya Mocímboa.

Muuguzi wa pale, mwanamke mwenye haraka na mikono ya upole, alipasua goti kwa pembeni. Usaha ulitoka kwanza, kisha ncha ya mwiba, ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Mama aligeuzia uso ukutani. Mimi, kwa kuwa nilihitaji mtu wa kumlaumu, nikamwuliza muuguzi kama jani ndilo lililomharibu.

"Hapana, senhora," akasema. "Jani limefanya kazi yake. Mwili ukiumia, unapiga kelele kuita damu na maji yaje mahali pale, ndiyo maana panavimba na kuwa na moto. Majani kama hayo yana kitu kinachopunguza zile kelele. Uvimbe unashuka, maumivu yanapoa. Lakini ncha ya mwiba ilikuwa bado imo ndani, na uchafu wake. Kwa mtu aliyeteguka tu, jani lingetosha. Kwa huyu mama, mngekawia kidogo tungezungumza habari ya kukata mguu."

Nikamtazama mama. Alikuwa amesikia kila neno. Alijikaza kisabuni kama kawaida yake, na mimi badala ya kumwonea huruma nikazidi kumkasirikia, kwa sababu nilikuwa nimeogopa sana.

Mguu ulibaki. Goti ndilo halikunji tena, na mama sasa anaswali kwenye kiti. Tulirudi Mocímboa baadaye, kwa lori jingine. Nyumba haikuwa na paa. Mlango aliokuwa akiutaja kila jioni haukuwepo. Mbarika peke yake ulikuwa umenawiri, umepita urefu wa ukuta, kwa kuwa kwa muda wote huo hapakuwa na mtu wa kuuchuma. Mama alisimama mbele yake, amejiegemeza kwenye fimbo, akalia waziwazi. Nilikuwa sijapata kumwona akilia.

Wakati wa baridi goti bado linamvimba, na muuguzi alisema jani si vibaya mradi tuwe macho. Kwa hiyo namfunga. Kopo la udhu nalilaza upande wangu. Asubuhi nafungua, nageuza jani upande wa nje, nageuza upande wa ndani, nalivunja pembe nione.

Juzi lilitoka bichi pande zote mbili. Nikaligeuza tena, nikalisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mama alikuwa akinitazama.

"Zamani," akasema, "ulikuwa unaniangalia usoni kwanza."

Nilitaka kumwambia kwamba nimemsamehe, na huenda ni kweli. Badala yake niliweka kiganja juu ya goti lake, nikangoja nisikie kama lina moto.