Upande wa Pili wa Santuri

Mtawa mmoja wa misheni ya Rangwi, aliporudi kwao Ulaya, alimwachia mke wangu gramafoni ya betri na santuri moja. Mke wangu alikuwa amempikia miaka mingi. Santuri yenyewe ilikuwa okestra tupu, bila mwimbaji, pande zote mbili kazi ya mtunzi mmoja ambaye, kwa maneno ya mtawa, alikuwa bado hai. Kwenye kasha mtunzi huyo alipigwa picha amevaa sweta nzito. "Huyu anaijua baridi," mke wangu alisema.

Mimi nilikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa. Redio yangu ilitumia betri zile zile, na madukani zilikuwa adimu. Kila jioni majirani walijaa kwangu kusikiliza taarifa ya habari. Mwezi wa saba, ukungu uliposhuka kutoka Magamba, tulifunga mlango na madirisha, na mke wangu akawa mtu wa jikoni na moshi tangu asubuhi. Betri nilizifungia sandukuni. "Ni mali ya kijiji," nilimwambia. Zilikuwa zangu.

Yeye akawa anaokota zilizochoka na kuzipasha kando ya mafiga zipate nguvu kidogo. Siku moja majirani waliwahi, wakamkuta anasikiliza. Fidla zilikuwa zinapanda polepole. Mara sauti ikalegea, ikawa mlio wa ng'ombe mgonjwa.

"Katibu," mzee mmoja akauliza, "hao wanapanga viti tu. Wataimba saa ngapi?"

"Wanamsubiri mwenyekiti," mwingine akadakia.

Walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Kuna upande wa pili, baba," mke wangu aliniambia kwa sauti ya chini. "Sijawahi kuusikia. Nipe betri kwa jioni hii tu."

"Habari inaanza," nilimjibu.

Alirudisha santuri kwenye kasha. Hakuniomba tena.

Umeme ulipotufikia, tukiwa tumezeeka, nilinunua gramafoni nyingine Tanga. Niliweka upande wa pili, nikamwita.

"Mama, njoo usikie."

"Punguza kidogo, baba," alijibu kutoka jikoni. "Nasikiliza kama mvua inaanza, nikaanue nguo."

Nilipunguza. Muziki ule nilikuwa siuelewi, na nilitaka kutoka nje nisiusikie peke yangu. Lakini nyumba yetu njia yake ya nje inapita jikoni, na sikutaka kupita mbele yake. Nikakaa pale pale mpaka sindano ilipofika mwisho.