Minazi Miwili ya Thoya

Watu husema Thoya wa Kahonzi alikuwa na wazimu. Uongo. Mwenye wazimu hajui afanyalo, na Thoya alijua vizuri sana. Aliyechoshwa na kujua kwake ni mkewe, Kadii.

Thoya alizaliwa Mwamure, kisiwa kidogo cha mikoko na minazi, ambacho maji yakipwa unavuka kwa miguu, na yakijaa unalala ulikofikia. Ujanani alimfulia nguo Mzungu mmoja mchoraji huko Malindi. Mzungu yule alitupa mirija ya rangi ikiwa bado na kitu ndani, na alizotupa ndizo rangi asizozipenda: zambarau, chungwa, kijani kikali. Thoya akaziokota, akarudi kwao, akapaka mbao za masanduku chokaa, akaanza kuchora. Tope likawa la chungwa, kivuli cha mikoko kikawa zambarau, rangi imebandikwa donge kwa donge kama udongo wa ukuta. Baadaye alizipata rangi zote na hakubadilika. Wenye hoteli Watamu walimtaka awachoree twiga. Akawaambia Mwamure hakuna twiga. Mgeni mmoja akamweleza kuwa huko Ulaya walikuwepo zamani wachoraji wa namna yake, wakafa maskini.

"Kumbe kazi si ngeni," akasema Thoya, akaendelea.

Yeye alichora kisiwa. Kadii alilima kisiwa, akazaa sita, akalea sita, na kila siku akateka maji. Hapo ndipo alipopata nafuu yake, maana kisima kilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Alikichimba mama mkwe wake, Kahonzi, maji matamu yaliyozungukwa na chumvi. Hicho kilikuwa kitu cha Kadii cha kutembelea kifua mbele.

Mwaka wa themanini na nne serikali ikaja kupima ardhi. Garama, jirani yao, akasema kisima ni cha marehemu baba yake. Wazee wa kamati wakaamua kama ilivyo desturi, kwamba minazi iseme: aliyepanda pande zote mbili za kisima, kisima ni chake; akikosekana, kinamwendea Garama, maana kimo upande wake wa mpaka. Upande wa kina Thoya ilisimama mitano ya Kahonzi. Upande wa Garama yalikuwa majani matupu.

Kadii hakubabaika. Ukutani kwake ilitundikwa picha ya pale pale, Thoya aliichora mwaka wa mafuriko, kabla ya uhuru, na yeye akaolewa mwaka uliofuata. Kisima katikati, minazi mitano huku, miwili kule. Kwa miaka zaidi ya ishirini aliwasimulia watu minazi ile miwili ya Kahonzi iliyokufa, kana kwamba aliwahi kunywa madafu yake.

Siku ya shauri aliibeba mwenyewe kichwani. Afisa wa ardhi, Mwaura, kijana wa bara, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mama, hii inashinda maneno."

"Bwana Afisa," Garama akasema, "hapo bahari ni ya chungwa. Ukiiamini minazi, uiamini na bahari."

Watu wakacheka.

"Rangi ni rangi, mti ni mti," Kadii akamjibu. "Au wewe ukivaa shati jekundu huwi Garama?"

Wakacheka tena, mara hii upande wake. Mwaura akamgeukia Thoya, ambaye alikuwa akiitazama picha, hatazami mtu.

"Mzee, hii miti saba uliiona kwa macho yako?"

Thoya akasogea, akaihesabu kwa kidole.

"Mitano niliiona."

"Na hii miwili?"

"Hiyo niliitia mimi. Upande ule ulikuwa mtupu, picha ikawa inaangukia huku."

Mtu nyuma akauliza kama ilizaa. Kadii hakumsikia. Alisogea karibu na mumewe, akasema polepole, "Baba Kanze, ni miaka mingi. Pengine umesahau."

Alikuwa anamfungulia mlango. Angepita tu.

"Sijasahau," Thoya akasema. "Ilinisumbua siku mbili nzima."

Mwaura akaandika kisima ni cha Garama. Garama, haki yake apewe, hakushangilia. Alimfuata Kadii njiani. "Mama Kanze, maji ni maji. Njoo uteke kama zamani. Piga hodi tu."

Ile hodi ndiyo iliyomchoma.

Nyumbani akaiweka picha chini, ikiegemea ukuta.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilidhani unaona."

"Naona nini?"

"Haina vivuli."

Kadii akainama. Mitano ilikuwa na vivuli vya zambarau, virefu, hadi kwenye tope. Miwili haikuwa navyo. Alikuwa ameifuta picha ile ukungu kila masika, na hakuona. Akaingia ndani akalala bila kupika.

Kwa Garama hakupiga hodi. Kesho yake maji yalipokupwa alichukua debe, akavuka kwenda kuteka bara, kwenye bomba la shule. Magoti yalimuuma kwenda na kurudi. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Thoya aliacha brashi, akachukua debe la pili, akamfuata. Hakuombwa wala hakushukuriwa.

Wakirudi, katikati ya tope, Kadii akasikia miguu nyuma yake imesimama. Akageuka taratibu, debe kichwani. Thoya ameliweka lake chini, anakikazia macho kisiwa, kichwa upande, kama fundi anayempima mtu nguo. Miaka yote alikichora akiwa ndani yake, hajawahi kukichora kutoka nje.

"Baba Kanze."

"Nakuja."

"Maji yanajaa."

"Nayaona. Ngoja kidogo."

Shingo ya Kadii iliwaka moto. Kulitua debe kwenye tope asingeweza, maana peke yake asingeweza kujitwika tena. Akabaki amesimama hapo, maji yakimfika vifundoni, anamngoja amalize.