Picha za Harusi ya Afande

Mimi ni Mkenya, mpiga picha hapa Kampala. Juzi kompyuta yangu ilikuwa nzito, nikairudisha ilivyotoka kiwandani. Picha zote za harusi ya Afande Opio, askari polisi, zikafutika! Fundi akaichukua ajaribu kuziokoa. Kwa woga nikawadanganya maharusi kwamba tuongeze picha chache ufukweni Ggaba. Wakaja na suti na shela tena, wauza samaki wakiwapigia vigelegele. Nikiwa nimeshika kamera, simu ya fundi ikalia, nikaipokea kwa kipaza sauti.

"Ssebo, bwana wangu, tulia! Zile picha za harusi ulizofuta, zote zimerudi!"

Nilishusha pumzi kwa furaha. Nilipoinua macho, bibi harusi alikuwa ameshavua shela.

"Kumbe ulifuta?" Afande akauliza.