Mawe Meupe Kwenye Njia ya Mbulu

Mjomba wangu na kikundi chake cha utalii cha kijijini Endabash walipoamua kufufua njia ya zamani, ile ambayo wazee wetu Wairaqw waliifuata kutoka Mbulu kuja kutafuta mashamba Karatu, bibi alicheka.

"Yaani mzungu apande ndege aje kutembea kwa miguu?" alimuuliza mjomba. "Sisi tulitembea kwa njaa."

"Hiyo njaa yenu ndiyo wanataka kuijua, mama."

"Basi wasipewe chakula cha mchana."

Lakini alikuwa na lake kwenye njia hiyo. Walipohama alikuwa msichana mdogo. Mdogo wake alifia mgongoni mwa mama yao, wakamzika juu ya korongo, wakamfunika kwa mawe. Tangu hapo kila mtu wa ukoo aliyepita aliongeza jiwe moja, na lundo likakua. Kisha ikaja barabara ya magari, wote tukaihamia, njia ikamezwa na vichaka. Sasa ilikuwa imefyekwa, na bibi aliniomba nimpeleke aweke jiwe lake la mwisho.

"Vijana wamenishangaza," mjomba alisema tukiwa njiani. "Niliwaambia wapange mawe pembeni, wayapake chokaa, watalii wasipotee kwenye ukungu. Wamemaliza mapema."

Ukungu ulikuwa mzito, wa Julai. Bibi alitembea taratibu, jiwe kalifunga kwenye pindo la kanga. Juu ya korongo akasimama. Mbele yetu mistari miwili ya mawe meupe ilinyooka kama meno.

"Liko wapi?" akauliza.

"Lile lundo?" kijana mmoja wa kikundi tuliyemkuta pale akajibu, uso umemng'aa. "Tumelitumia lote, bibi. Mawe yalikuwa yamekaa bure."

Mjomba alivua kofia. Alikuwa ameshika ramani, wala hakuitazama.

"Ni hapa, au pale?" bibi alimuuliza yule kijana, kwa upole.

Kijana aliangalia nyasi zilizofyekwa sawasawa kila upande.

Bibi hakulaumu mtu. Alirudi nyumbani na jiwe lake, akaliweka mlangoni, na kabla mvua za mwaka ule hazijakwisha tukamzika.

Watalii walikuja, si wengi. Jiwe bado liko mlangoni. Wageni hulisukuma kwa mguu kuuzuia mlango, upepo ukivuma.