Siku Nilipomwokoa Mfalme Katikati ya Dansi

Wale mlioiona ile video kwenye grupu la kanisa, nawaomba mnyamaze kidogo nieleze upande wangu, na wale ambao hamkuiona, Mungu awabariki, msiitafute. Mpaka leo nikikutana na Mkenya stesheni ya Blacktown akatabasamu kabla hata ya kunisalimia, najua ameiona, na miguu yangu yenyewe inaanza kutafuta mlango wa kutokea.

Mimi ni nesi. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndio utetezi pekee nilio nao. Nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa moyo, huku magharibi mwa Sydney, na tunaishi St Marys, mimi na Mama Wairimu na binti yetu Wairimu mwenyewe, aliye na miaka kumi na sita, anayesikia Kiswahili chote (hata kile tunachonong'ona) lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Sasa huyu Wairimu, kupitia rafiki yake wa shule, akajiunga na kikundi kinachocheza dansi za kale za Kiingereza, zile ambazo wanaume wanapanga msitari huku na wanawake msitari kule, wanatazamana, fidla inaanza kulia, halafu watu wanapishana na kuzungukana na kukutanisha mikono katikati kama spoku za baiskeli, na hakuna anayegongana na mwenzake. Kikundi cha watu wa kila rika, wazee wa kustaafu kwa watoto wa shule, na msichana wangu wa Kikuyu katikati yao na gauni refu na utepe kichwani. Nilicheka. (Sikucheka mbele yake, nilicheka chumbani na Mama Wairimu, lakini nyumba zetu hizi za kupanga kuta zake ni kama karatasi.)

Alipokuwa akijifunza alikuwa anapanga viti sebuleni, kila kiti ni mtu, anavipitia kulia na kushoto akihesabu kwa mdomo. Hiyo ya kupitana kulia na kushoto wanaiita kusuka, au hivyo ndivyo ninavyoitafsiri mimi, maana unapita katikati ya wenzako kama fito kwenye ua, na nasikia hata jina lake la Kiingereza watu wanadhani lilitoka kwenye neno la Kifaransa la ua. Siku moja viti havikutosha, akaniambia, "Dad, njoo usimame hapa, hutafanya kitu." Nilikuwa nimetoka shifti. Nikamwambia sawa, nikaketi kwenye kimoja cha vile viti, kumbe nimemkalia mtu muhimu, na yeye badala ya kukasirika akaona nimekaa atumie nafasi hiyo kunisimulia dansi yenyewe imetoka wapi, inahusianaje na majumba ya michezo ya kuigiza ya zamani, na katika onyesho lao kutakuwa na mfalme, na mfalme atafanya nini, na yeye Wairimu amechaguliwa kujitokeza mbele na kuwaeleza watu. Nilikuwa nikiitikia "mm", "mm", ile ya mtu aliye mbali. Nilipofungua macho viti vilikuwa vimerudishwa mezani.

Jumamosi ya onyesho ikafika. Ukumbi wa kanisa, upande wa Merrylands, mchana kweupe, watu wamejaa, nyuma ya wachezaji kumetundikwa kitambaa kikubwa walichokichora wenyewe, nguzo na mapazia na watazamaji wa kale. Wairimu alikuwa ameyakariri maneno yake wiki nzima bafuni, mpaka Mama Wairimu akawa anagonga mlango akisema maji ya moto yanakwisha.

Kabla hawajaanza, mwalimu wao, mama mmoja wa makamo aitwaye Helen, akatoka mbele akasema mwanamume mmoja mgongo umemkamata, hawezi hata kuinama kufunga viatu, na msitari hauwezi kuchezwa na pengo, je, kuna baba yeyote hapa aliyewahi kucheza dansi?

Mama Wairimu alinifinya paja hapo hapo. "Baba Wairimu, keti."

Lakini nyinyi mnanijua. Mimi ni mtu wa Murang'a, babu yangu alicheza mwomboko mpaka akodioni ikachoka kabla yake, mimi mwenyewe nilicheza tamasha za shule mpaka mkoani, na nilikuwa nimeketi pale nikiangalia ile misitari miwili nikajiambia, hii si ni mwomboko tu, hatua mbili na kuinama, isipokuwa hawa wamesahau kuinama? Nikainua mkono. Kule pembeni ya kitambaa nikamwona Wairimu anatikisa kichwa, anatikisa kwa nguvu, na mimi (hapa ndipo ninapojichukia) nikadhani anaona haya kwa sababu ya fahari.

Nyuma kule wakanivisha koti lenye vifungo vya dhahabu ambavyo havikukutana tumboni, na kofia yenye unyoya. Helen akanionyesha haraka haraka: tunashuka katikati wawili wawili, tunarudi, tunaachana na kuzunguka kwa nje, halafu tunasuka, na ukipotea shika mkono wowote unaopewa. Wairimu alikuwa upande wa pili anafungwa utepe. Helen akaniangalia usoni, akaniuliza, "Wairimu amekueleza hadithi? Unajua kinachotokea katikati?"

Ningesema hapana. Ingechukua dakika moja. Lakini ningeonekana baba wa namna gani, mtoto amekariri wiki nzima na mimi sijui?

"Ndiyo," nikasema. "Ameniambia yote."

Basi fidla ikalia. Kushuka katikati nilishuka vizuri, kurudi nikarudi, kuzunguka kwa nje nikazunguka, nikaanza kujiona mjukuu halali wa babu yangu. Kusuka ndiko kulikonipoteza, nilikwenda kulia watu wakiwa kushoto, nikajikuta uso kwa uso na mfalme. Mfalme alikuwa mzee Graham, mstaafu mwenye tumbo kubwa na taji la karatasi ya dhahabu, akanishika bega akanigeuza kwa upole. Na pale aliponishika, macho yangu ya kazi yakamwona: uso mwekundu, jasho linatiririka, pumzi fupi. Nikajiambia, huyu mzee hayuko sawa.

Mtu mmoja akampa kikombe. Akanywa. Akakohoa, akaweka mkono kifuani, akapepesuka, akaanguka chali kama gunia la viazi.

Muziki ukakatika. Misitari yote miwili ikaganda, hakuna aliyemkimbilia, wamesimama tu wanamwangalia. Nami nikaona ni wale watu ninaowajua miaka yote, wanaoshikwa na butwaa mgonjwa akianguka mbele yao.

Nikaruka. "Tokeni! Tokeni, apate hewa!" (Kwa Kiswahili, jamani. Ukumbi mzima wa Waaustralia.) Nikapiga magoti, nikampasua ule ukosi wa lesi, vifungo vikaruka vikabingirika hadi safu ya mbele, nikaweka vidole shingoni.

Graham akafungua jicho moja. Akanong'ona, "Niache bwana, mimi nimekufa."

Ndugu zangu, mgonjwa wa moyo anaweza kuchanganyikiwa, nimeona wengi. Nikamjibu, "Hujafa mzee, usilale, niangalie mimi."

Watu wakaanza kucheka. Wengine wakapiga makofi. Nikageuka nikawakemea kwa Kiingereza sasa, mnacheka nini, mtu anakufa hapa, pigeni simu ambulensi! Na nilisema kwa sauti ile ya wodini, sauti isiyokataliwa, hata mama mmoja wa safu ya mbele akaacha kucheka, akatoa simu, akapiga kweli.

Mwenye fidla, maskini, akadhani akiendelea na mpango mambo yatanyooka, akaanza tena ule wimbo. Kumbe ndiyo ishara ya Graham kuinuka. Akaanza kuinuka. Nikamlaza. Akainuka tena, nikamlaza tena kwa mikono miwili. Kadiri mzee alivyojitahidi kufufuka ndivyo nilivyozidi kumkandamiza, nikimwambia atulie, asitumie nguvu, mpaka katika kusukumana mguu wangu ukanasa kile kitambaa cha nguzo na mapazia, kikashuka chote juu ya mwenye fidla, wimbo ukafia humo ndani.

Ndipo nikasikia mtu anasema nyuma yangu, taratibu, "Baba."

Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita Baba. Nikageuka. Wairimu alikuwa amesimama mahali walipompangia kusimama, mbele, katikati, mikono ameifumba kama mtu anayetaka kuhutubia.

"Baba, ni mchezo," akasema. Kwa Kiswahili. "Alitakiwa kufa."

Nikaitoa mikono kifuani mwa mfalme. Nikatamani niingie na mimi chini ya kitambaa.

Sijamaliza. Ambulensi ikaja. Taa zote zikawashwa, watu wakaombwa wapishe njia, na aliyeingia wa kwanza na mkoba ni kijana anayetuletea wagonjwa kila wiki, akaniona na koti langu na unyoya wangu, akauliza kwa sauti ya kuwafikia wote, "Wewe si nesi wetu?" Wakampima Graham hivyo hivyo, kwa kuwa wamekwisha kuja. Moyo mzima kabisa. Walipoondoka nusu ya watu walikuwa wameenda zao, Helen akawashukuru waliobaki, na onyesho likaishia hapo. Wairimu hakusema hata neno moja katika yale aliyoyakariri.

Kwenye gari, tukikaribia nyumbani, Mama Wairimu akasema, bila kuniangalia, "Leo umetuvua nguo, Baba Wairimu." Nilimwomba mtoto msamaha kupitia mlango wa chumba chake. Akasema iko sawa. Nyinyi mlio na watoto mnajua "iko sawa" ile ni ya namna gani.

Graham nilimtafuta, nikampelekea shati. Alikuwa na alama ya bluu kifuani, akacheka mpaka akakohoa (nikajizuia), akaniambia hajawahi kufa vizuri namna ile. Helen naye akanisamehe, akasema kosa ni lake pia. Grupu la kanisa wakaniita Daktari wa Mfalme, nikazoea. Wote hao nilimalizana nao.

Miezi miwili baadaye wakaalikwa kurudia onyesho Campbelltown. Nilijua kwa Mama Wairimu, sikuambiwa na mwenyewe. Nikamwomba Wairimu ruhusa ya kuja, akanipa, kwa sharti kwamba nikae safu ya mwisho, kati ya mke wangu na ukuta. Tukaenda kwa treni, safari ndefu ile, Wairimu behewa la mbele na wenzake.

Wakashuka katikati, wakarudi, wakazunguka, wakasuka. Graham akanywa, akakohoa, akaanguka. Nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Hapo akajitokeza mbele msichana wa kuwaeleza watu.

Hakuwa Wairimu. Alikuwa yule rafiki yake wa shule, mwenye nywele nyekundu. Akawaambia watu kwamba katika majumba ya michezo ya London ya kale, tamthilia ikiisha, hata ikiwa ya mauaji matupu, waliokufa waliinuka pale pale wakacheza, ili watu wasirudi nyumbani na maiti machoni. Kwamba baadaye dansi mpya zikawa zinatungwa kwa ajili ya jukwaa, na waliokwenda kutazama wakatoka wanataka kuzicheza wenyewe, walimu wa dansi wakazinakili wakawafundisha, zikaingia sebule za matajiri na kumbi za vijijini, na ndiyo maana mpaka leo ziko zilizobaki na majina ya michezo na waigizaji ambao hakuna tena anayewakumbuka. Mchezo umesahaulika, akasema, lakini miguu inakumbuka.

Nikamtafuta binti yangu. Alikuwa amesimama kwenye msitari wake pamoja na walioganda, anatazama sakafu, na midomo yake inatembea. Kila neno. Alikuwa anayasema yote, bila sauti, mpaka mwisho.

Halafu fidla ikalia, mfalme akainuka, na wote wakacheza, na watu wakapiga makofi wakisimama. Mama Wairimu alisimama pia. Mimi nikabaki nimeketi, namtazama yeye.

Kurudi, Wairimu alikaa nasi. Nikamuuliza kwa nini hakuongea yeye. Akainua mabega, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba yeye anapenda tu kucheza, kuongea mbele ya watu hapendi. Alikuwa anapenda. Mlango wa bafu letu unajua alivyokuwa anapenda. Alikuwa ameshaweka visikizio masikioni, na nje ni giza, nikabaki naangalia uso wake kwenye kioo cha dirisha.

Jukwaani sipandi tena, hilo nimeapa, hata kanisani wakinitaka niwe mchungaji wa kondoo wa Krismasi. Na mtu akiniuliza kama nimeelezwa, nasema sijaelezwa, anieleze upya, hata kama ni kitu nilichosomea. Hiyo ndiyo nusu rahisi. Nusu ngumu ni kwamba kila Jumapili jioni namwomba Wairimu anisimulie dansi wanayojifunza wiki hii imetoka wapi, na kila Jumapili ananiambia, "Baadaye, Dad," na mimi nazima televisheni, nakaa macho, nangoja.