Aliyesema Gari Lake Ni la Kuiga

Ninaungama mbele ya Mungu na mbele yenu: Jumamosi mdomo wangu ulimharibia mtu kazi yake.

Nilikwenda Makiso kutazama maonyesho ya magari ya mbio ya kuiga, yale yanayojengwa na mafundi wenyewe. Moja jekundu lilikuwa zuri mno. Fundi wake alimwambia kila aliyeuliza, "Iko copie. Nilijenga miye mwenyewe, ku parcelle yangu, kwangu nyumbani."

Sikumsadiki. Katika mji wetu, mwenye kitu cha kuiga huapa kwamba ni cha kweli. Huyu anaficha nini? Nikamwambia jirani yangu, tena kwa sauti, "Hii iko ya kweli. Anakimbia duane."

Nyuma yetu alisimama wakala wa duane, yaani forodha. Akalizunguka gari, mikono mgongoni.

"Papa, makaratasi ya kuingiza hii gari iko wapi?"

"Chef, haikuingia. Ilizaliwa hapa."

"Ilizaliwa! Na mama yake iko nani?"

"Taxi ya zamani, chef. Moteri iko ya ile taxi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Moteri inabadilishwaka. Bon, gari nitaibeba bureau."

Basi fundi akachukua bisibisi, akageuza uso pembeni, akautoboa mlango mpaka nyuzi za fibre, za kioo na gundi, zikatokeza. Chuma cha kiwandani hakikuwamo; lilikuwa la kuiga kweli. Wakala akaondoka bila kusema pole. Mimi pia sikuisema. Nilijificha nyuma ya watu.

Sasa natafuta rangi nyekundu kama ile, nimpelekee. Wewe unayesoma, ukiwa nayo hata nusu kopo, tafadhali niuzie.